Upinde Hauna Kosa, Ni Mshale Ambao Haujaelewana Nao

Hebu chukua picha hii. Umesimama hatua ishirini kutoka kwa gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu. Unavuta, unaachilia, mshale unaenda kushoto. Unajaribu tena kwa makini zaidi, kushoto. Wa tatu nao kushoto, tena unatikisa mkia hewani kama samaki aliyetolewa majini. Wenzako wanaanza ushauri wa bure: kaza bega, funga jicho moja, lenga kulia kidogo. Mwishowe unajiambia moja kati ya mambo mawili: ama huu mchezo huuwezi, ama upinde uliouziwa ni feki.

Ngoja kwanza. Kama unavuta kwa mkono wa kulia na mishale yako yote inajikusanya upande uleule, inawezekana kabisa kwamba wewe uko sawa na upinde uko sawa. Kinachokosekana ni maelewano kati ya upinde na mshale. Na upinde, buda, haubadiliki kirahisi. Mshale ndio unaopimwa, unaokatwa na kurekebishwa mpaka ukubaliane na upinde.

Tulikaririshwa shuleni kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe, sawa. Kwa mshale, hapana. Anayeokota mshale wowote ule na kuuweka kwenye upinde wowote ule analima juu ya jiwe.

Jambo hili lina uzito zaidi kama unafanyia mazoezi huku Kwale, kuanzia Diani na Msambweni hadi Shimoni na kisiwa cha Wasini. Huku mshale ukivunjika huukimbilii dukani kama unavyokimbilia ndoano. Unaagiza mtandaoni, unangoja, unalipia usafiri. Ukichagua vibaya umepoteza doo na muda. Ukikata vibaya, kipande hakirudi. Na mshale wenye ufa ukipasuka wakati unaachilia, vipande vyake vinaweza kuingia kwenye mkono ulioshika upinde. Kwa hivyo tulia, tuanze mwanzo.

Mshale hauruki kama msumari

Tunazungumzia upinde wa jadi wa aina ya rikavu, yaani ule ambao ncha zake mbili zimegeukia mbele, mbali na mpigaji. Hauna magurudumu wala kifaa cha kulengea. Kuna mikono ya upinde, kuna upote (ile kamba inayovutwa), na kuna wewe.

Mshale hukaa ubavuni mwa mshikio, upande wa kushoto kwa anayevuta kwa mkono wa kulia. Ukiuachilia, upote unarudi katikati ya upinde na kuisukuma nyuma ya mshale kuelekea hukohuko katikati. Lakini mbele, mshikio umeziba njia. Kwa hesabu ya haraka, mshale ungefaa kujigonga kwenye mshikio na kutupwa kushoto kila mara.

Mshale uliopimwa vizuri haufanyi hivyo. Unapinda, unauzunguka mshikio, unapinda upande wa pili, kisha unaendelea kuyumba kama nyoka huku ukienda pale ulipolenga, hadi manyoya yautulize. Macho yako hayawezi kuona hayo, ni ya kasi mno. Daktari na mlengaji mmoja wa Marekani, Robert Elmer, aliliita jambo hili kitendawili cha mpiga mishale. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia Clarence Hickman alilipiga picha za kasi kubwa, na kila mtu akaona kwa macho yake: mshale unapinda kweli.

Kama umekulia karibu na vyombo vya baharini, tayari una mfano wake kichwani. Itazame foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Fundi hachukui mti wowote tu. Ukiwa mgumu kupita kiasi hauachii upepo mkali ukapita, na ukiwa laini mno unapinda hadi tanga linapoteza umbo lake. Foromali nzuri hupinda, lakini hupinda kiasi kinacholingana na tanga na chombo chenyewe. Mshale ni vivyo hivyo. Swali si kama unapinda. Swali ni kama unapinda kwa kiasi ambacho upinde wako unahitaji.

Mshale mgumu mno kwa upinde wako haupindi vya kutosha. Unashindwa kuuzunguka mshikio na unakwenda kushoto. Mshale laini mno unapinda kupita kiasi na unakwenda kulia. Anayevuta kwa mkono wa kushoto ageuze tu pande hizo. Shika hapo, maana mengine yote yanatoka hapo.

Wazee walipima bila namba

Usidhani ni sayansi iliyoshuka na intaneti. Ukitoka Kwale ukapita Kinango na kuelekea nyika ya Tsavo, unakaribia nchi ya Waata, ambao pia huitwa Waliangulu. Walikuwa wawindaji wa ndovu waliojulikana kwa pinde kali ajabu. Maafisa wa wanyamapori walipozipima pinde hizo katikati ya karne iliyopita, walikuta zinazohitaji zaidi ya pauni 100 kuvutwa. Hiyo ni takribani mara mbili ya upinde wa mlengaji wa kiume wa Olimpiki leo. Weka wano laini (wano ni ule mti wa mshale) kwenye upinde wa namna hiyo, na litavunjika au litapotea njia. Mawano yao yalilazimika kulingana na pinde zao. Hawakuwa na jedwali la mtengenezaji, walikuwa na mikono na mazoea.

Vuka mpaka uingie Tanzania, kwenye Ziwa Eyasi. Wahadza bado wanatengeneza mishale hadi leo. Kijiti kinatiwa joto la moto, kinashikwa kwa meno, kinanyooshwa kidogo kidogo, kinatazamwa kwa jicho moja, kinarudishwa motoni. Fundi anapokikunja kwa mikono anahisi ugumu wake, na anajua kama kinafaa upinde wake au la.

Ujuzi huo ulipungua huku kwetu kwa sababu zinazoeleweka. Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na kampeni kali dhidi ya ujangili ya miaka ya 1950 ikawaangukia Waata wengi. Kisha mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Upinde ukabaki ama ukutani kama pambo, ama kesi mahakamani. Kwa hivyo kijana wa leo anayeshika upinde kwa ajili ya shabaha anaanza bila mzee wa kumnong'onezea. Namba ndizo zimechukua nafasi ya mzee. Tujifunze kuzisoma.

Namba mbili zinazochanganya watu

Kwanza, isome namba iliyoandikwa kwenye mkono wa upinde wako. Ukiona 35 kwa 28, maana yake ni kwamba unavuta pauni 35 endapo utavuta hadi inchi 28, ambazo ni sentimita 71. Lakini si kila mtu anavuta hadi hapo. Mwombe rafiki aweke alama kwenye mshale pale unapotokeza mbele ya upinde ukiwa umevuta kikamilifu. Kama unaishia inchi 26, upinde wako si wa 35 tena. Kila inchi inapunguza takribani pauni 2 hadi 3, kwa hivyo mikononi mwako uko karibu na pauni 30. Mshale unachaguliwa kwa pauni unazovuta wewe, siyo zile zilizochapishwa kiwandani.

Pili, soma ugumu wa wano. Hapa ndipo watu huingia mtaroni, kwa sababu kuna mifumo miwili inayokwenda kinyume.

Kwa wano la kaboni, namba kubwa ni laini. Wanalaza wano juu ya vishikizo viwili vyenye umbali wa inchi 28, wananing'iniza gramu 880 katikati, kisha wanapima limebonyea kiasi gani katika sehemu za elfu moja za inchi. Wano la 500 limebonyea nusu inchi, yaani milimita 12.7. La 400 limebonyea kidogo zaidi, milimita 10.2, kwa hivyo ni gumu kuliko la 500.

Kwa wano la mti, kinyume chake. Hutajwa kwa pauni za upinde linaoufaa, kwa hivyo namba kubwa ni gumu. Na hili unaweza kulipima nyumbani. Pigilia misumari miwili ubaoni, umbali wa sentimita 66. Laza wano juu yake. Ning'iniza katikati chupa yenye maji, jumla yake ikiwa gramu 907, ambazo ni pauni 2. Pima wano limeshuka milimita ngapi. Gawanya 660 kwa hizo milimita. Likishuka milimita 16.5, jibu ni 40, yaani wano hilo ni la upinde wa karibu pauni 40. Kipimo ni cha kienyeji, lakini kitakuonyesha haraka kwamba mawano sita uliyodhani ni mapacha si ndugu kabisa.

Na hapo kuna somo: mishale ikubaliane na upinde, na ikubaliane yenyewe kwa yenyewe. Mshale mmoja wa 35 na mwingine wa 50 haviwezi kufika pamoja hata ukiwa bingwa.

Kuna kitu cha tatu, uzito wa mshale mzima. Upinde ukiachilia mshale mwepesi mno, nguvu zinazobaki zinarudi kwenye mikono ya upinde na kuuumiza. Watengenezaji wengi wa pinde za jadi hawataki ushuke chini ya takribani greni 8 kwa kila pauni. Kwa upinde wa pauni 35 hiyo ni greni 280, kama gramu 18. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Na kwa sababu hiyohiyo, usivute na kuachilia upinde bila mshale kamwe, hata kwa mzaha wa kupigwa picha.

Tuliza upinde kwanza

Usianze kurekebisha mshale wakati upinde wenyewe hauna msimamo. Ni kama kupima kina cha maji na boti inayumba.

Anza na umbali kati ya upote na mshikio upinde ukiwa umefungwa. Kila upinde una kiwango kilichopendekezwa na mtengenezaji. Ukiusokota upote zaidi, umbali unaongezeka. Ukiulegeza, unapungua. Cheza ndani ya kiwango hicho hadi usikie upinde umetulia, haupigi kelele wala kutetemeka mkononi. Kisha andika umbali huo na usiubadilishe tena.

Fuata na alama ya upote, pale mshale unaposhikwa. Mshale ukae juu kidogo ya mstari ulionyooka. Kwa upinde unaolaza mshale juu ya mshikio, wengi huanza na milimita 10 hadi 12. Funga uzi kwa muda, usigundishe bado.

Halafu kuna manyoya. Kama mshale wako unapita ukigusa mshikio, tumia manyoya ya ndege, siyo ya plastiki. Unyoya hulala unapogusa kisha ukainuka. Plastiki ngumu hugonga na kuurusha mshale pembeni, na utamaliza wiki nzima ukilaumu ugumu wa wano bure.

Mshale usio na manyoya hausemi uongo

Sasa jaribio lenyewe. Manyoya ni kama mavazi mazuri, huficha mengi. Yanaunyoosha mshale mbaya njiani hadi ukadhani ni mzuri. Kwa hivyo chukua mishale mitatu yenye manyoya, na miwili au mitatu isiyo na manyoya kabisa. Yote iwe na wano moja, urefu mmoja na kichwa kimoja.

Anza karibu, hatua kumi, kwa sababu mshale mtupu unaweza kuingia ukiwa umelala pembeni na kuvunjika. Ukiona unaingia vizuri, rudi nyuma taratibu hadi mita 18. Piga yote, kisha tazama makundi, siyo mshale mmojammoja. Mshale mmoja unaweza kuwa kidole chako kilichoteleza. Kundi likirudia jambo lilelile mara tatu au nne, hapo unaambiwa kitu.

Rekebisha juu na chini kwanza. Mishale mitupu ikitua juu ya ile yenye manyoya, alama yako ya upote iko chini mno, ipandishe kidogo. Ikitua chini, alama iko juu mno, ishushe. Sogeza milimita moja, piga tena.

Kisha kushoto na kulia. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mishale mitupu ikitua kushoto kwa ile yenye manyoya, wano ni gumu. Ikitua kulia, wano ni laini. Dawa ni hizi.

Wano likiwa gumu, weka kichwa kizito zaidi. Uzito wa mbele hulifanya wano lipinde zaidi linaposukumwa. Unaweza pia kupunguza kile kipande cha ngozi au gamba kilichobandikwa ubavuni mwa mshikio, ili mshale ukaribie katikati. Ikishindikana, unahitaji wano laini zaidi. Usilikate, maana kukata kutalizidishia ugumu.

Wano likiwa laini, weka kichwa chepesi, au ongeza unene kidogo kwenye kipande cha ubavuni. Kama bado, kata. Wano fupi ni gumu kuliko refu. Lakini kata nusu sentimita tu, tena kwenye mshale mmoja wa majaribio, upige, ulinganishe, ndipo uamue. Pia hakikisha mshale unabaki mrefu kupita mshikio ukiwa umevuta kikamilifu, angalau inchi moja. Mshale mfupi unaorudi nyuma ya mshikio unaweza kukupiga mkono mwenyewe. Kaboni ikatwe kwa msumeno mwembamba unaozunguka kwa kasi, ukiwa umefunika pua, kwa sababu vumbi lake halifai mapafu.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa anayeagiza ni huu: agiza mawano marefu, ambayo hayajakatwa, pamoja na vichwa vya uzito tofauti mbili au tatu. Agiza machache ya kujaribia kabla ya kununua dazeni. Jedwali la mtengenezaji ni mahali pa kuanzia. Mshale mtupu ndio unaotoa hukumu.

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kichwa, upote na urefu siku moja, mishale ikinyooka hutajua nani alikusaidia.

Kwa nini Wasini inakufunza haraka

Tuseme wikendi umevuka kutoka Shimoni kwa boti, upinde ndani ya begi. Wasini ni kisiwa chembamba unachozunguka kwa miguu, kimya, mbali na vurugu za Ukunda. Kinavutia kwa mazoezi, na pia kinakufunza kwa ukali, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni upepo. Iwe kusi au kaskazi, upepo wa mlango huu wa bahari unaweza kuubeba mshale mtupu ukakudanganya kwamba wano ni laini au gumu. Piga asubuhi mapema kabla haujaamka, au tafuta mahali palipokingwa na miti. Matokeo ya saa saba mchana upepo ukivuma, yatupe.

Ya pili ni ardhi. Sehemu kubwa ya kisiwa ni jiwe la matumbawe. Mshale unaokosa gunia hauchomi mchanga, unagonga mwamba. Kila mshale uliogonga jiwe uchunguze kabla ya kuurudisha kwenye upote. Wa kaboni ukunje kidogo kwa mikono miwili, uuzungushe, usikilize. Ukisikia mlio wa kukwaruza au kupasuka, huo umeisha, uvunje vipande viwili ili mtu mwingine asiuokote akautumia. Wa mti utazame nyuzi zake. Nyuzi zikitoroka upande kabla ya kufika mwisho, wano hilo linaweza kukatikia hapo. Ukitaka kuokoa mishale, tundika wavu mkuukuu wa kuvulia, wenye tabaka kadhaa, uning'inie kwa ulegevu nyuma ya gunia. Unapunguza kasi ya mshale uliokosa, ila usiuhesabu kama ukuta.

Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Bahari si ukuta. Ni rahisi kufikiri kwamba ukielekea majini hakuna mtu. Lakini huko hupita mvuvi na mtumbwi wake, hupita boti za wageni wanaoelekea Kisite kutazama pomboo, na maji yakitoka kina mama na watoto huingia ufuoni. Usipige kuelekea baharini. Usipige karibu na bustani ya matumbawe yenye daraja la mbao linalosimamiwa na kina mama wa kisiwa, wala karibu na njia za kwenda Mkwiro. Tafuta mahali ambapo nyuma ya gunia kuna kilima cha udongo au ukuta imara, na unaona pande zote. Usirushe mshale juu kuelekea angani hata mara moja.

Na kama unawaza kwamba basi utajaribu samaki, acha. Kenya imepiga marufuku bunduki za mishale za kuvulia, na maji ya Kisite ni hifadhi. Utaharibu jina lako na la mchezo wenyewe.

Upinde Kwale haubebwi ovyo

Kuna jambo ambalo jedwali la ugumu haliwezi kukuambia. Katika kaunti hii, upinde una kumbukumbu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na ghasia zikaenea Likoni na kusini mwa pwani. Watu waliuawa, wengine wakahama makwao. Silaha za jadi zilikuwa miongoni mwa zilizotumika. Wewe huenda hukuwa umezaliwa, lakini jirani yako wa miaka hamsini alikuwapo. Akikuona unatembea na upinde uliofungwa na podo begani, haoni mwanamichezo. Anakumbuka.

Kwa hivyo fungua upote, tia upinde kwenye begi, mishale iwe imefunikwa vichwa. Kabla ya kuanza, nenda kwa mzee wa kijiji au chifu, mweleze unachofanya na wapi. Mwalike aje atazame. Wakati mwingine dakika kumi za salamu na maelezo zinakupa uwanja wa miaka.

Usiingie na upinde hifadhini, kama Shimba Hills. Mbele ya askari wa wanyamapori, kijana mwenye upinde msituni ni jangili hadi athibitishe vinginevyo. Na kama unatafuta vijiti vya kutengenezea mawano yako, usivikate kayani. Misitu ya kaya za Mijikenda, ikiwemo Kaya Kinondo pale Diani, iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na hata kabla ya hapo wazee walikuwa na masharti yao kuhusu kutoa mti humo. Zungumza na mwenye shamba, tumia mwanzi au fimbo zilizokauka vizuri, upime kwa ile chupa ya maji.

Safari inaweza kufika mbali

Huenda unajiuliza kama jasho lote hili lina maana. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, aliyeibeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi hakuwa mkimbiaji. Alikuwa Shehzana Anwar, mlengaji wa mishale, na upinde wake ulikuwa wa rikavu. Kwenye Olimpiki wanalenga kutoka mita 70, na duara la kumi lina upana wa sentimita 12.2 tu, kama kisosi cha kikombe. Upinde wao una vifaa vingi ambavyo wako hauna, lakini kanuni ni ileile: bila mshale unaolingana na upinde, hata mkono wa dhahabu hautoshi.

Kama ndiyo unaanza, usikimbilie upinde mkali ili uonekane shujaa. Pauni 20 hadi 30 zinatosha kujifunza. Upinde unaokushinda nguvu utakufanya uachilie kwa namna tofauti kila mara, na mshale mtupu utakupa majibu tofauti kila mara. Utakata mawano mazuri bure. Subiri hadi mishale yako yenye manyoya ianze kukaa pamoja mahali pamoja, hata kama mahali hapo si katikati. Kukaa pamoja ndiyo dalili kwamba sasa unaweza kupima.

Ukishapata mshale unaokubaliana na upinde wako, andika kila kitu kwenye daftari au simu: urefu wa wano, namba ya ugumu wake, uzito wa kichwa, umbali wa upote na mshikio, na mahali ilipo alama. Siku upote utakapochakaa ukafunga mpya, hasa wa uzi tofauti, rudia jaribio. Upote wenye kasi zaidi huhitaji wano gumu zaidi. Daftari hilo ndilo litakalokuwa mzee wako wa kukunong'onezea, na siku moja litamnong'onezea mwenzako anayeanza.

Halafu kuna ile methali nyingine: mshale kwenda msituni haukupotea. Ni methali nzuri ya kumpa mtu moyo, lakini usiifuate kwenye mazoezi. Kwenye vichaka na mawe ya Wasini, mshale ulioachwa huenda ukapatikana na mguu wa mtoto asiyevaa viatu. Hesabu kabla ya kuanza, hesabu kabla ya kuondoka. Ukija na sita, ondoka na sita, hata kama viwili ni vipande.